Swali la Tisa Kwenye Fomu

Jumatatu ile foleni ya ofisi ya ushauri wa biashara ndogo ilitoka mlangoni, ikashuka ngazi, ikafika barabarani. Katikati ya ngazi hizo mkoba wa mtu ukafumuka. Zipu iliachia meno yote kwa mpigo, karatasi zikatawanyika miguuni mwa watu kama kuku waliofunguliwa banda.

"Usivute!" alisema binti mwenye gauni la kijani, akichomoa koleo dogo mfukoni. "Ukivuta unaiua."

"Si imeshakufa?"

"Haijafa. Imekata tamaa tu. Lete."

Alikuwa fundi wa mikoba, na mtaani walimwita Zipu. Alibana mara mbili, akatelezesha, mkoba ukafunga. Kijana mwenye mkoba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono imesimama kama ubao, akashusha pumzi.

"Umeniokoa, dada. Huu ni wa marehemu baba. Mama angenitoa roho. Nikupe nini?"

"Nipitishe mbele ya foleni."

"Hilo siwezi," alicheka. "Mimi ndiye afisa mnayemsubiri."

Zipu alikuwa na sababu ya kukimbilia mbele. Miaka sita alishonea kwenye kibaraza cha shangazi yake, na sasa mwenye nyumba alitaka kukiziba kwa matofali. Alipewa mpaka tarehe thelathini. Serikali ilikuwa na jengo la mafundi wadogo, chumba kimoja kimebaki, na anayekitaka alete mpango wa biashara ulioandikwa ukaeleweka. Zipu alijua kushona. Kuandika mpango hakujua.

Msaada ulikuwa wa bure, naye hakuacha hata tone. Alihudhuria darasa la kila Jumatano. Afisa alimwonyesha vitabu vya sensa kwenye chumba cha kusomea, naye Zipu akahesabu humo shule za kata yake, kumi na moja, na wanafunzi elfu sita na ushee. Kila mtoto na begi lake, kila begi na zipu yake! Akaandika mpango, Afisa akaupitia kwa kalamu nyekundu.

"Hapa umesema wateja ni watu wote. Watu wote ndio nani?"

"Wewe, kwa mfano."

"Mimi ni mmoja."

"Lakini unaniletea mkoba kila wiki, na mkoba ni mzima."

Afisa akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Jioni zikawa za simu. "Fundi wangu, umekula?" "Sijala, ukurasa wa nne umenishika koo." "Nisomee basi, roho, taratibu." Ukurasa wa nne ulisomwa mara nyingi kuliko ulivyostahili.

Kisha, wiki ya kikao cha kugawa chumba, simu ikanyamaza. Jumatatu Afisa hakupokea. Jumanne walipishana kwenye ngazi, akatazama viatu vyake. Jumatano mapokezi walimwambia kwamba faili lake limehamishiwa meza ya Mama Miwani, mkuu wa ofisi, ambaye kwake mafaili huingia mazima yakatoka na alama ya mkasi.

"Mwanamume akikuhamisha meza, mwanangu," shangazi alisema, "amekuhama."

Siku ile Zipu alishona vishikio vya mabegi matatu juu chini. Alhamisi akavaa gauni lake la bluu, la harusi na la ugomvi, akaenda kulitoa faili lake.

"Keti," alisema Mama Miwani.

"Sikai, mama. Naomba faili langu."

"Utalipata. Kwanza soma hii. Ameileta afisa wako Jumatatu, nami nikamkataza asikupe hata salamu mpaka uijibu. Sikutaka jibu lako liwe na alama za vidole vyake."

Ilikuwa fomu. Swali la tisa liliuliza: Je, afisa ana uhusiano wowote na mwombaji? Chini yake, kwa mwandiko ule wa kalamu nyekundu: Ndiyo. Nakusudia kumposa. Mwombaji hajui.

Zipu akakaa bila kuambiwa tena.

"Sasa sikiliza," Mama Miwani aliendelea. "Ukiandika kwamba hakuna kitu kati yenu, faili linabaki hapa. Kikao ni leo alasiri, na mpango wako ni mzuri, sikufichi. Ukikubali kwamba kipo, linapelekwa makao makuu. Huko ni wiki nne, na siwezi kukuahidi kitu."

Tarehe thelathini ilikuwa siku tisa mbele. Neno moja tu, hakuna, na kesho angekuwa na funguo. Wangeoana baadaye kimyakimya, nani angeuliza? Lakini Afisa angeweza kunyamaza vilevile, akampitishia faili mwenyewe, na hakunyamaza. Zipu akashika kalamu, akaandika: Maelezo ya afisa yana kosa moja. Mwombaji alijua.

Mama Miwani alisoma, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Nenda," alisema. "Sasa anaruhusiwa kupokea simu."

Alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Kumbe serikalini ndivyo mnavyoposa?" Zipu alimvaa. "Kwa nakala tatu?"

"Mbili tu. Umekasirika?"

"Siku nne! Kuna watoto watatu watabeba mabegi kichwa chini kwa ajili yako."

"Nisamehe, roho. Nilitaka uandike la moyoni mwako, si langu. Umeandika nini?"

"Nenda kasome. Ni mali ya serikali."

Tarehe thelathini ilifika na makao makuu kimya. Matofali yalikuwa yamepangwa tayari kando ya kibaraza. Afisa alikuja na shati lisilopigwa pasi, akashika upande mmoja wa cherehani. Shangazi alisimama mlangoni akijifanya anafagia.

"Tunaipeleka wapi?" Zipu aliuliza.

"Kwa mama. Ameondoa kabati dirishani, upate mwanga."

"Niingie kwa mama mkwe na cherehani, hata posa haijafika?"

"Cherehani itangulie kujitambulisha."

Shangazi akacheka mpaka fagio likamdondoka. Zipu hakucheka sana. Aliitazama simu yake mara nyingine, akaisokomeza kifuani ili ikiita aisikie, akashika upande wake.

"Taratibu hapo kwenye kizingiti," alisema. "Hii ikianguka, hakuna fomu itakayotuokoa."