Fundo la Mkono wa Kushoto

Ghala la ushirika huko Tumati lilipofunguliwa asubuhi ya kugawa mbegu, harufu ya uozo ndiyo iliyotangulia kutoka. Vitunguu saumu vya mbegu vilikuwa vimeota ukungu ndani ya magunia. Mwenyekiti Wolfgang alimgeukia mlinzi.

"Ufunguo ni mmoja, Akonaay, na unalala kwako. Umebadilisha mbegu zetu. Utawaeleza polisi."

Mzee Akonaay alimkabidhi ufunguo.

Marieta, mtaalamu wa kompyuta, alikuwepo kwa kazi nyingine. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, wanunuzi binafsi wamejaa, na ushirika ulitaka shughuli zake ziingizwe kwenye kompyuta. Kila mtu alikuwa amemweleza kazi yake, lakini maelezo hayakuungana. Basi akaacha kufuata watu, akafuata gunia. Mwendo wake aliuchora kwa chaki mlangoni: kuvunwa, kukaushwa juu ya meko, kupimwa, kushonwa, kuhifadhiwa.

"Shikamoo, baba. Kaa kwanza," alimwambia Akonaay.

"Marahaba, mwanangu."

Marieta alinusa kitunguu. Hakikuwa na moshi. "Hiki hakijapita juu ya meko."

"Si ndiyo amebadilisha!" Hermani, mpimaji, alicheka. "Au kompyuta yako haijui Kiswahili?"

"Inajifunza, kaka. Kabla ya kushona, huwa unaangalia ndani?"

"Kila gunia. Vilikuwa vikavu, vinanuka moshi."

"Na fundo hili?"

"Langu. Nani mwingine hapa anafunga kwa kushoto?"

Marieta akakata uzi, akauvuta wote, akainua mdomo wa gunia kwenye mwanga. "Mwenyekiti, plastiki hii ya sandarusi ikitobolewa na sindano, tundu halizibi. Safu ya matundu ni moja. Gunia hili halijafunguliwa tangu Hermani alipolishona. Vibichi viliingia kabla ya fundo lake."

Wolfgang alikagua la pili, na la tatu. Hermani hakucheka tena.

"Mnunuzi aliahidi kunifanya wakala wake wilaya ya Hanang yote," alisema. "Alitaka vikavu, nikampa vyetu. Vibichi nilivitoa kwa wakulima wa Nambis. Nilijua vitakauka humo humo."

"Na mimi?" Akonaay aliuliza.

"Ufunguo ulikuwa kwako, baba."

Nje, mashamba yaliyokwisha kulimwa hayakuwa na mbegu. Wolfgang akamnyooshea Akonaay ufunguo, macho chini. Mzee hakuupokea.

"Sasa hivi Bernadina wangu atakuwa ameshaambiwa kisimani kwamba ameolewa na mwizi," alisema. "Binti, gunia umelifuata mpaka lilikotoka. Neno hilo nalo, nani atalifuata?"

Marieta alibaki na chaki mkononi, akiutazama mchoro wake mlangoni.