Milisekunde Mia Saba

"Tai, unanisikia? Mzigo uko kwa foleni. Una dakika arobaini kabla haujaondoka."

Sauti ya Kamanda Ogutu ilikatika. Aguti, ambaye redioni aliitwa Tai, akachomoa kispika kidogo sikioni, akanyanyua ndoo yake ya mayai ya kuchemsha.

Malori mia mbili na kumi yalijipanga kutoka mpakani Malaba kurudi nyuma kuelekea Amagoro. Moja lilibeba bunduki mia nne na maboksi ya baruti. Kila lori lilikuwa na kufuli la GPS mlangoni, linalotuma habari ofisini kila dakika: niko hapa, sijafunguliwa.

Yote yalisema ukweli.

Kwenye skrini.

Miezi mitatu iliyopita skrini ilisema lori la bunduki liko kilomita sita mbali. Emorut, jasusi mwenza wa Aguti na baba wa mtoto wake, akasimama katikati ya barabara ya vumbi ya murram kuweka kizuizi. Lori lilikuwa mgongoni pake, likamuua. Ripoti ilisema: hitilafu ya kifaa.

Siku hiyo mtoto wao alikuwa na meno mawili. Sasa ana sita.

Aguti hakuja kukamata bunduki tu.

"Mama mayai! Kachumbari iko?" dereva aliita.

"Iko, boss. Na pilipili ya kukuamsha."

"Mimi sijalala. Ni foleni imelala."

Chini ya mayai kulikuwa na kisomeo, kidogo kama kipande cha sabuni. Alikiunda mwenyewe. Kilirushia kila kufuli swali moja: uko wapi? Kisha kikahesabu muda ambao programu ya kufuli ilichukua kujibu. Saa yake, ambayo kwa macho ilikuwa Casio ya kawaida, ilionyesha namba.

Milisekunde thelathini na nane. Thelathini na tisa. Thelathini na nane.

Hiyo ndiyo kasi ya kufuli zima.

Lori la hamsini na tatu: mia tisa.

Mkono ukashuka kwenye bastola yake, Glock, chini ya leso.

Subiri.

Akauliza tena. Mia mbili na kumi. Tena. Mia sita. Betri ilikuwa imechoka, na laini ilirukaruka kati ya mtandao wa Kenya na wa Uganda, kama simu ya kila mtu hapa mpakani. Kifaa kigonjwa huyumba. Huyu hakuwa mwongo.

"Dada, hilo yai umemenya dakika tano. Unaolewa nalo?"

"Tulia, mzee. Lisikuchome."

Akasonga. Zilibaki dakika kumi na nne.

Lori la mia moja na nane, turubai la buluu. Mia saba thelathini na nane.

Tena. Mia saba thelathini na nane.

Tena. Ile ile.

Hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Hapo mtu ameiandika hiyo namba kwenye programu.

Thelathini na nane za kazi. Mia saba za kusubiri.

Aliijua mia saba hiyo. Olinga, fundi wa kikosi chao, huiweka katika kila kifaa anachogusa, ili laini itulie upande wa Kenya kabla ya kutuma. Mafundi wengine huweka sekunde nzima. Olinga huwacheka.

Olinga ndiye alikuwa kwenye redio siku Emorut alipokufa. Olinga ndiye aliandika ripoti.

Hakugusa redio. Alimpigia mwenzake simu.

"Okwara. Turubai la buluu, mbele ya kituo cha mafuta. Shusha dereva bila kelele. Hewani usiseme kitu."

"Umelipata?"

"Nimempata."

Dereva alisema yote kabla pingu hazijafungwa. Saa tano asubuhi angetoka kwenye foleni, apite murram ya nyuma ya Amagoro, hadi kona ya posho mill, kinu cha kusaga unga. Fundi angemsubiri pale.

Ile ile kona alikofia Emorut.

Aguti akapanda lori, akafungua laptop ya Okwara mapajani. Programu ilikuwa na midomo miwili. Ofisini ilituma mahali pa uongo. Kwa simu ya mtu mmoja ilituma mahali pa kweli. Akabadilisha mstari mmoja tu.

Sasa midomo yote miwili ilidanganya.

"Endesha," akamwambia Okwara, aliyeshika usukani.

Olinga alisimama katikati ya njia, amewapa mgongo, kichwa kwa simu. Posho mill ilinguruma, unga ukitoka dirishani. Hakusikia lori. Emorut pia hakusikia.

Simu ilimwambia bado liko kwa foleni.

"Dada," Okwara akasema bila kumtazama. "Breki?"

Aguti alikazia macho mgongo wa Olinga.

Mita thelathini. Ishirini.

"Dada!"

Kumi na tano.

"Breki."

Matairi yalilia. Bampa lilimgusa Olinga shati. Aligeuka, simu ikamtoka mkononi. Aguti akashuka, Glock mbele.

"Aguti... hii simu inaonyesha..."

"Najua inaonyesha nini. Piga magoti."

Alipiga. Vumbi na unga vilimkaa usoni.

"Umenijuaje?"

"Mia saba."

Olinga akafumba macho. "Bila hiyo, laini ingeruka Uganda."

"Najua. Wewe ndiye ulinifundisha."

"Dada, walisema ni kumtisha tu. Emorut alikuwa rafiki yangu..."

"Jina lake usilitaje."

Okwara alimfunga pingu. Nyuma ya turubai, chini ya marobota ya mitumba, bunduki zililala zote mia nne.

Simu ya Aguti ikalia. Ogutu.

"Tai. Mzigo?"

"Wote."

"Na fundi?"

"Mzima."

"Nilidhani utamuua."

"Hata mimi. Lakini nataka awataje wakubwa wake wote, mmoja mmoja, huku akilia. Halafu afungwe mpaka mtoto wangu awe nyanya."

Akakata simu, akafunga leso vizuri, akashika njia kwa miguu kutafuta boda ya kumpeleka nyumbani Burumba. Ilikuwa saa tano na robo. Leo angemlisha mtoto mwenyewe.