Saa Isiyonyamaza Kwenye Droo

Saa ilikuwa juu ya kaunta ya fundi, na ilikuwa bandia. Hilo hakuna aliyelibishia. Swali lilikuwa ni nani aliyeichukua ile ya kweli.

"Mwizi!" mwanamume mwenye tai alikuwa anapiga kelele mlangoni, na mtaa mzima ulikuwa umejaa kutazama. "Amebadilisha saa ya marehemu baba yangu!"

Inspekta alipenya katikati ya watu. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, na watu walimpisha bila kusukumwa. Nyuma yake alikuja koplo wake, ambaye kituo kizima kilimwita Redio kwa kuwa haikupita dakika bila yeye kusema kitu.

"Umejuaje kuwa ni bandia?" Inspekta alimuuliza mwanamume yule.

"Tazama mshale wa sekunde, afande. Unaruka-ruka. Saa ya baba mshale wake ulikuwa unateleza tu, kama mafuta. Nimeitazama tangu utotoni. Mimi ndiye kifungua mimba, ilikuwa inanisubiri mimi."

Kando yake mama yake mzazi, mjane, alikuwa ameketi kwenye stuli ya wateja, mkoba umekumbatiwa kifuani. Ndiye aliyeileta saa isafishwe ili mwanawe akirudi kutoka safari ndefu ya kikazi aikabidhiwe iking'aa.

Fundi hakupiga kelele. Mikono yake ilikuwa imetulia mezani, karibu na bisibisi zake ndogo.

"Fundi, umeifungua saa hii?"

"Sijaifungua, afande. Iko vilevile alivyoniletea Mama."

"Kawaida yako ni ipi?"

"Kawaida yangu, saa ya thamani ikija naitoa mfuniko wa nyuma mbele ya mwenyewe. Tunachungulia wote ndani, ndipo naipokea." Akazitazama bisibisi zake. "Siku ile sikufanya hivyo."

"Kwa nini?"

"Mama alikuwa analia. Kaniambia ni saa ya marehemu. Sasa nimwambie, ngoja kwanza tuhakikishe kama ya mumeo ni ya kweli? Niliona haya."

"Haya!" mwenye tai alicheka kwa hasira. "Mnamsikia?"

Mtu wa mwisho aliyekuwa nayo alikuwa fundi. Inspekta hakuwa na la kufanya ila kumchukua. Redio alipofunga mlango wa duka kwa utepe wa polisi, tayari wateja wawili walikuwa wanadai saa zao, wakiongea kwa sauti ili wengine wasikie.

"Miaka yote hii nimeaminiwa," fundi alisema akiingia garini.

*

Katika maabara ya uchunguzi, mtaalamu aliigeuza saa chini ya taa na kuikuza kwa lenzi.

"Wamejitahidi," alisema. "Nembo imekaa sawa. Uzito wameukaribia. Mtu anayeiona mara moja moja, hasa mwenye macho ya kizee, hawezi kujua."

Akaung'oa mfuniko wa nyuma. "Haya, hapa ndipo wanapoumbuka. Unaona nini?"

"Betri," Inspekta alisema.

"Ya kweli haina betri hata kidogo. Ndani ina kipande cha chuma kinachozunguka mkono unapotikisika, ndicho kinachokaza springi. Ukiivua ukaiweka, baada ya siku mbili hivi inalala."

"Inakufa?"

"Inalala. Ukiivaa tena na kuitikisa, inaamka."

"Kumbe ni kama mume wangu siku ya mapumziko," alisema karani aliyekuwa anapita na chai. Redio alicheka peke yake mpaka akaona haya.

*

Inspekta alikuwa na desturi moja. Kabla ya kila mahojiano alikaa kimya garini na kumwomba Mungu asimwache amwonee mtu. Siku hiyo aliomba zaidi, maana uso wa fundi haukumtoka. Kisha akagonga mlango wa mjane.

Chumba kilikuwa safi mno, cha mtu anayefuta vumbi ili apate la kufanya. Kando ya kitanda palikuwa na kabati dogo lenye droo.

"Mama, saa ulikuwa unaiweka wapi?"

"Humo kwenye droo, mwanangu. Tangu tulipozika. Sikuitoa mpaka siku ya kuipeleka kwa fundi."

"Na hakuna aliyeivaa?"

"Nani aivae? Hata kuigusa nilikuwa siwezi. Niliisikia tu." Mjane akatabasamu kidogo. "Nikikosa usingizi naisikia, tik, tik, tik. Miezi yote hiyo haikuninyamazia. Nikawa najiambia, mzee wangu bado yupo yupo."

Inspekta aliitazama ile droo.

Saa isiyo na betri, ikae kwenye droo miezi, bila kuvaliwa, na isinyamaze. Haiwezekani. Ile iliyokuwa inamliwaza mama huyu ndiyo iliyokuwa bandia. Haikubadilishwa dukani. Iliingia dukani ikiwa hivyo hivyo.

"Mama, nani alikukabidhi saa baada ya msiba?"

"Binti yangu, yule nesi. Ndiye aliyemuuguza baba yake hadi pumzi ya mwisho. Aliniletea ikiwa imefungwa kwenye leso." Akamtazama Inspekta usoni. "Kwani vipi?"

*

Binti aliitwa kituoni. Alikuja na sare yake ya kazi, na sweta la mikono mirefu juu yake, ingawa feni ya ofisi ilikuwa inazunguka na Redio alikuwa anajipepea kwa faili.

"Mama yako anasema ulimkabidhi saa ya baba."

"Ndiyo."

"Ile ile?"

"Ile ile."

"Haikukaa kwa mtu mwingine?"

"Hapana."

"Dada, husikii joto?"

"Nimezoea."

"Unamjua fundi?"

Binti aliinamisha kichwa. "Namwona tu nikipita."

"Ana siku kadhaa mahabusu. Duka limefungwa. Wateja wameondoa saa zao. Kaka yako alimwita mwizi mbele ya mtaa, na sasa hata watoto wanamwita hivyo."

Binti aliuvuta mkono wa sweta hadi vidoleni.

"Tafadhali pandisha mkono wa sweta. Wa kushoto."

Binti hakusogea. Kisha, polepole, akaukunja mkono wa sweta hadi karibu na kiwiko. Saa ilikuwa hapo, juu kabisa, pale ambapo nesi anaweza kunawa mikono bila kuivua. Mshale wa sekunde ulikuwa unateleza kama mafuta.

"Mungu wangu," Redio alinong'ona.

"Sema, dada," Inspekta alisema. "Sema yote."

"Baba alipougua alikuwa anaivaa kitandani. Halafu akaacha kusogea, na saa ikasimama. Akaniuliza, mbona imenyamaza? Ilimtisha. Nikaivaa mimi. Nashinda nayo wodini, natembea, nageuza wagonjwa, jioni namwekea sikioni. Anatabasamu. Ikawa kazi yetu, yangu na yake." Akafuta macho kwa kiganja. "Alipofariki, Mama akasema nimpe aitunze, kaka akirudi akabidhiwe. Kaka hakuja hata mara moja hospitali. Na Mama angeiweka kwenye droo. Ingelala, afande. Nilihisi nitakuwa nimemzika baba mara mbili."

"Ukanunua ya bandia."

"Barabarani. Nilijua Mama haoni vizuri. Sikujua ataipeleka kwa fundi."

"Na fundi alipokamatwa?"

"Kila nikilala nilisema kesho nitakwenda kusema. Niliogopa. Mama, kazi yangu..."

"Wewe ulikuwa unasubiri kesho. Mwenzio alikuwa analala sakafuni."

Binti aliangua kilio. Inspekta alimpa leso, akamwacha alie, kisha akamwambia asaini maelezo yake.

*

Fundi alitolewa siku ile ile. Mjane, kama mwenye mali, alifuta malalamiko. Binti alipewa onyo kali la maandishi kwa kuwadanganya polisi. Lakini Inspekta alisema hayo hayatoshi.

"Fundi ulimchafua mbele ya mtaa," alimwambia mwenye tai. "Utamsafisha hapo hapo. Na dada yako atakuwa kando yako."

Watu walijaa tena mbele ya duka. Redio aliutoa utepe. Mwenye tai, bila tai safari hii, alisimama kizingitini.

"Nilimwita huyu mwizi," alisema kwa sauti ile ile ya siku ile. "Nilikosea. Hakuiba kitu."

"Mimi ndiye niliyeibadilisha," binti alisema. "Fundi, nisamehe."

Fundi alimtazama. Usoni hakuwa na tabasamu.

"Nimeumia, binti yangu," alisema. "Nisidanganye. Nipe muda nipoe." Kisha akanyoosha kiganja. "Ila saa nilipokea kazi yake. Ilete."

Binti aliivua. Fundi akaketi, akachagua chombo chake, lakini akasita.

"Mama, sogea. Nyote sogeeni. Sitarudia lile kosa."

Akautoa mfuniko mbele yao. Ndani, kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kilizunguka taratibu, kikasimama, kikarudi. Mjane aliinama akaweka sikio. Mlio ulikuwa mwepesi, wa haraka, tofauti kabisa na ule wa droo.

"Huyu ndiye yeye," alisema. "Kumbe nilikuwa nimeusahau mlio wake."

Fundi alipomaliza kuisafisha aliikabidhi kwa kifungua mimba, kama ilivyokuwa imepangwa. Yeye aliitazama mkononi mwake. Akamtazama dada yake.

"Mimi kazi yangu ni kukaa kwenye kiti," alisema. "Italala." Akaushika mkono wa dada yake, akaufunga mkanda, kwenye kifundo cha mkono safari hii, si chini ya sweta. "Ivae wewe. Jumapili niletee na mimi niisikie. Na unisimulie zile siku za hospitali."

Mlangoni, mteja mmoja kati ya wale wawili alikuwa amesimama, saa yake kiganjani, anaona aibu kuingia.

"Ingia," fundi alimwambia. "Lakini tunaifungua mbele yako."