Gari Lililowashwa Kwanza

Udongo ulikuwa umerudi. Jana fundi alilisugua lile gari la rimoti la mteja kwa mswaki mkavu, akapuliza vumbi kwenye giya, akapaka grisi kila beringi. Leo matairi yamejaa matope mekundu, na sebule nzima inanuka udi.

"Umelichezea?" alimuuliza mkewe.

"Mimi nina muda wa magari ya watoto? Hiyo kazi yako, mzee mzima."

Fundi hakucheka. Alijua alipokosea. Yeye humhubiria kila mteja sheria ileile: washa rimoti kwanza, gari baadaye, maana gari lililowashwa peke yake hutii yeyote atakayeliwahi. Juzi, simu ikiwa sikioni, yeye mwenyewe aliwasha gari kwanza. Likatambaa sakafuni taratibu, likaenda kusimama miguuni kwa binti yao, Kidoti. Rimoti ilikuwa kwenye rafu, haina hata betri.

Tangu hapo mtoto hulifuata kila chumba. Leo nyayo zake nazo zina matope mekundu, na mlango ulilala na komeo.

Aliitwa shangazi yake fundi, mganga wa majini. Alinusa tu, akashusha sauti.

"Jini yumo. Usilizime mpaka nirudi na dawa zangu. Lazima niongee naye, aondoke kwa hiari yake."

"Na mwanangu je, shangazi?"

"Mpakate. Usimwachie."

Akampakata, lakini shangazi alipotoka tu gari likaanza kukizunguka kiti chao, likizunguka na kuzunguka, udi ukikolea, na kila lilipokata kona kichwa cha Kidoti kiligeuka nalo, macho hayapepesi, mpaka uvumilivu ukamwisha fundi, akalidaka na kuchomoa betri.

Kimya. Harufu ikakatika. Mkewe akalia kwa furaha.

"Limekwisha, Baba Kidoti. Limekwisha."

"Gari huzimwa kwanza," fundi alinong'ona kwa mazoea, "rimoti mwisho."

Ndipo akagutuka. Amezima gari tu. Anayeliendesha bado yupo.

Kidoti aliteleza kutoka mapajani. Akaenda moja kwa moja hadi ukutani, akagonga paji la uso, akarudi kinyumenyume, akakata kona, akaja mbele tena.

"Kidoti, mwanangu!" mama yake aliita.

Mtoto akasimama. Akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, vile baba yake anavyojaribu usukani kabla ya kumkabidhi mteja gari. Kisha akaondoka kwa kasi kuelekea mlangoni, na komeo likajifungua.