Sawa, Bosi

Msiniambie mambo haya hayapo. Yalimpata dada yangu wa tumbo moja, mchana kweupe, na mimi nilikuwa pale chini nimeshika kamba.

Dada anaendesha kreni. Asubuhi ile tulikunywa chai, akanitania kwamba nalala nimesimama, kisha akapanda ngazi hadi kwenye kibanda chake huko juu. Aliyekitumia kabla yake tulimwita Sawa-Bosi. Mtu mpole, mkono wa kulia hauna kidole kidogo, na hakuwahi kumkatalia mtu. Nyapara alimwamuru anyanyue mzigo kwenye upepo mkali, akanyanyua. Kreni ikayumba, akatupwa nje ya kibanda, akaanguka pamoja na mzigo. Tulimzika.

Mchana upepo ukaanza. Kazi yangu ilikuwa kushika kamba ya fremu ya vioo isizunguke ikipanda. Kioo kipana kikishikwa na upepo hakina ndugu. Kipima upepo cha kreni kikaanza kulia.

"Nyanyua," nyapara, aliyesimama karibu nami, akasema redioni.

"Sinyanyui," dada akajibu. "Chini yupo mdogo wangu. Subiri upite."

"Nyanyua, au kesho usije!"

"Basi siji!"

Kisha redio iliyokuwa kifuani kwangu ikanong'ona, sauti ya kiume, ya upole.

"Sawa, bosi."

Nyapara akaniangalia. Nywele zikanisimama. Sauti ile tuliijua wote.

Fremu ikaondoka chini. Kamba ikanivuta.

"Siyo mimi!" dada akapiga kelele. "Sijagusa kitu! Achia kamba! Kimbia!"

Nikaachia. Nikakimbia. Redioni dada hakupiga kelele tena. Alinong'ona.

"Toka. Wewe ulikubali. Mimi nimekataa. Kiti hiki ni changu."

Akabamiza kitufe chekundu cha kukata umeme. Fremu ikasimama usawa wa kiuno. Upepo ukaipiga, ikazunguka, ikagonga nguzo na kupasuka pale pale nilipokuwa nimesimama.

Dada aliposhuka, nyapara alikuwa amekaa mavumbini. Dada akampita, akaja moja kwa moja kwangu. Kesho yake, asiyekuja kazini alikuwa nyapara.

Kwenye kioo cha kibanda, upande wa nje, ambako hakuna pa kukanyaga, kuna alama ya kiganja cha kulia. Haina kidole kidogo. Mvua zimenyesha na haitoki. Nilimsihi dada aipake rangi, jamani, hata gazeti abandike. Akanicheka.

"Iache," akasema. "Aone ninavyokataa."