Mwizi Aliyefagia Vioo

Ansel Reddick alilala kifudifudi ndani ya gari lake, kichwa kwenye kizingiti cha mlango wa kuvuta. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Damu ilishakauka. Dirisha la mlango lilikuwa limevunjwa, na kitandani zilitapakaa punje za kioo chenye rangi ya bluu. Ansel alikuwa amepaka rangi hiyo madirisha yote kwa ndani ili walinzi wa hifadhi wasione mwanga akilala pasiporuhusiwa.

"Pigo moja," alisema daktari. "Nyundo, au kitu cha uzito huo. Alipigwa kwa nyuma. Hakujitetea."

"Nyundo tunayo, afande," Naibu Lunt alidakia. "Ilikuwa chini ya basi la Orrin Babbitt, na damu juu yake. Kulikuwa pia na kamera ya marehemu na kamba yake mpya. Mzee yumo kwenye gari letu, ana pingu. Mwaka jana aliiba jiko la gesi hapa hapa kambini. Sherifu anataka ashtakiwe kwa mauaji leo mchana."

"Orrin anasemaje?" aliuliza Inspekta Verla Tsosie.

"Anatukana."

Inspekta alitazama kambi. Magari ya wapanda miamba yalipangwa chini ya ukuta mwekundu wa Korongo la Kestrel, kila moja nyumba ya mtu. Jangwa la Utah likipata joto, watu hawa huondoka kwenda milimani, likipoa, hurudi. Tangu maiti ionekane alfajiri, mnyororo wa geti ulikuwa umefungwa. Hakuna gari lililotoka.

Orrin hakuwa mpanda miamba. Aliishi ukingoni mwa kambi katika basi la shule lililochakaa, yeye na mbwa wake. Inspekta alimfuata kwenye gari la polisi, akainama dirishani.

"Ulimuua Ansel?"

"Mimi? Mama, nikiinama kufunga viatu nahitaji mtu wa kuninyanyua."

"Jiko la gesi uliiba."

"Jiko niliiba. Tena lilikuwa bovu! Hawa wakwea mawe ni wachoyo hata wa vitu vibovu."

"Mbona hawakupendi?"

"Wananiita nguruwe. Nikimaliza bia natupa kopo. Kwani jangwa ni zulia la mama yao? Wao hata karatasi ya chooni wanaibeba mpaka mjini!" Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Sikiliza, mama. Kwa umri huu, nikiingia ndani sitoki tena. Mbwa wangu atakaa na nani?"

Inspekta alirudi mbio kwenye gari la Ansel na kupiga magoti nje ya mlango.

"Lunt, njoo. Unaona kioo hapa chini?"

"Hakuna. Dirisha limevunjwa kutoka nje, kioo kimeangukia ndani."

"Chote? Kioo cha gari kikipasuka hutawanyika pande zote mbili." Alionyesha mchanga. Ulikuwa na mistari midogo sambamba, kama nywele zilizochanwa. "Hapa pamefagiwa." Akatia kidole mchangani na kuibua punje moja ya bluu. Fagio dogo la Ansel lilikuwa limeegemezwa kwenye gurudumu.

"Mwizi gani anafagia?" Lunt alishangaa.

"Ndiyo nakuuliza wewe. Orrin?"

"Orrin hajawahi kuokota hata kopo lake mwenyewe!"

"Basi ni mmoja wa hawa wasafi. Amemuua mtu, amevunja dirisha ili ionekane ni wizi, kisha mkono ukafanya uliyoyazoea. Mtu mwingine angeviacha vile vioo, na sisi tungeamini." Inspekta alisimama ghafla, macho yakimng'aa. "Sasa fikiri, Lunt. Amevipeleka wapi? Kuvitupa jangwani hawezi. Hapa hakuna pipa. Geti limefungwa."

Lunt alifumbua mdomo. "Bado anavyo!"

"Leta mifuko yote ya taka. Kila gari."

Wakati askari wakizoa mifuko, Inspekta aliwahoji watu. Tamsin Ohlert, aliyeikuta maiti alipompelekea Ansel kahawa, alijibu macho yakiwa mekundu.

"Jana alikuwaje?"

"Mchana alikuwa na raha. Alikuwa anaujaribu Wembe." Alionyesha ukingo mkali uliopasua anga juu ya kambi. "Ni njia ngumu kuliko zote hapa. Rafiki yake Kip aliupanda wa kwanza, mwaka juzi, akaupa jina. Hakuna aliyeweza tena. Ansel alifika katikati, akaomba ashushwe. Tangu hapo hakuongea na mtu."

"Na Kip?"

"Kip ndiye aliyemshikia kamba chini, asianguke. Miaka yote wanapanda pamoja."

Kip Lindqvist alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari lake, akila uji wa shayiri sufuriani. Alikuwa na mabega mapana na sauti ya upole.

"Ulimwona Ansel mara ya mwisho lini?"

"Tulipokula, pale motoni."

"Ulifika kwenye gari lake baadaye?"

"Hapana."

"Asubuhi?"

"Tamsin alipopiga kelele nilikimbia, lakini nilisimama mbali. Sikutaka kuharibu ushahidi, afande. Nenda kamhoji yule mzee."

"Kwa hiyo hukufika mlangoni hata mara moja?"

"Hata mara moja. Nikuandikie?"

"Haina haja. Watu wamesikia."

Lunt alikuwa akija kwa hatua ndefu, mfuko mweusi mkononi. Aliumwaga mbele yao juu ya turubai. Maganda ya ndizi. Majani ya chai. Soksi kuukuu iliyofungwa fundo. Inspekta alivaa glovu, akafungua fundo, akainamisha soksi. Punje za kioo zilimwagika, upande mmoja bluu.

Kijiko cha Kip kiliganda hewani.

"Huu mfuko umetoka kwenye gari gani, Lunt?"

"Hili hapa, afande. Chini ya kitanda."

"Nilivunja glasi," Kip alisema.

"Yenye rangi ya madirisha ya Ansel?"

"Mtu ameniwekea."

"Mtu amevunja, amefagia, amefunga kwenye soksi yako, akaingia ulipolala akakuwekea chini ya kitanda. Endelea."

Kip alirudisha kijiko sufuriani. Watu walizidi kukusanyika.

"Kuna nini kwenye Wembe?" aliuliza Inspekta.

"Mwamba."

"Ansel aliona nini pale katikati?"

Tamsin ndiye aliyejibu, kwa kuvaa mkanda wake wa kupandia. Alikwea ufa rahisi ulio pembeni kama anayepanda ngazi ya nyumbani, akapitisha kamba kwenye pete za chuma za juu, na dada mmoja aliyeshika kamba chini akaanza kumteremsha kuufuata ukingo wa Wembe. Kambi nzima ilinyoosha shingo. Tamsin alisimama mbele ya tundu dogo, pana kwa vidole viwili. Alichomeka vidole. Akavitoa. Akapuliza vumbi, akasogeza uso karibu.

"Limechongwa!" Sauti yake iligonga ukuta wa pili na kurudi. "Kuna alama za patasi! Kip, umelichonga!"

Mtu mmoja alitukana kwa sauti ya chini. Mwingine alimgeuzia Kip mgongo. Kwao mwamba hupandwa ulivyo. Ukikushinda, umekushinda, na unamwachia atakayeweza.

"Sema," Inspekta alimwambia Kip.

"Nilikuwa nimebakiza sehemu ile tu." Kip aliuweka chini uji wake kwa uangalifu. "Msimu mzima naanguka pale pale. Siku moja nilikwenda peke yangu. Nilichonga kidogo sana, kina cha ukucha. Kesho yake nikapita."

"Ansel akagundua."

"Jana. Vidole vyake vilijua mara moja. Tulipomaliza kula nikamfuata kwenye gari. Akasema ananipa mpaka Jumamosi niwaambie watu mwenyewe, nisipowaambia atawaambia yeye. Kisha akageuka anitengenezee chai. Chai, afande. Nyundo yake ilikuwa hapo kwenye ndoano."

"Ukavunja dirisha, ukazificha mali kwa Orrin."

"Nani angemwamini Orrin?"

"Kuchonga jiwe kungekufunga jela?"

"Labda faini."

"Sasa ulimuua mwenzako kwa sababu gani?"

Kip aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Hujaelewa. Watu hawa ndio nyumba yangu. Wangejua, hakuna ambaye angenishikia kamba tena. Popote."

Inspekta alimgeukia Lunt. "Mfungue Orrin. Mwambie akamwone mbwa wake. Pingu zilete huku."

Kutoka garini walisikia mzee akitukana tena, safari hii kwa furaha.

Juu, Tamsin alipiga kelele ashushwe. Dada aliyeshika kamba alikuwa akilia; hakuona ncha ya kamba ikijikunja fundo miguuni pake. Kip aliruka, akaikamata na kuinyoosha. Alifanya hivyo kabla hajafikiri, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Kip!" Tamsin aliita. Alikuwa ananing'inia juu ya vichwa vyao, na chini yake kulikuwa na hewa tupu. "Toa mkono kwenye kamba yangu."

Kip aliiachia. Mikono yake ilibaki mbele, wazi, na Lunt alipofika na pingu hakuwa na haja ya kumwambia aiinue.