Rudisha Bila Kuuliza

Jirani yetu mmoja tulimwita Pilipili, na kwa jina hilo hatukumwonea. Alikuwa fundi wa kompyuta kuu ya hospitali, lile dude linalojaza chumba kizima na kutunza habari za wagonjwa wote, na alikuwa na ulimi wa upanga. Mtu mmoja tu alimlainisha: binti wa mumewe, mtoto wa miaka saba aliyefiwa na mama yake. Pilipili alimlea kwa moyo wote, na alichotaka ni kitu kimoja, aitwe mama. Mtoto alimwita mama mdogo, kwa adabu, basi.

Siku hiyo ilianza kama siku nyingine, simu zikimiminika kutoka wodini. Mambo yalikuwa hivi: faili la mgonjwa likikaa muda mrefu bila kuguswa, kompyuta hulihamishia kwenye kanda za kuhifadhia, tulizoziita ghala. Mtu akiliita, kioo cha kompyuta humwuliza, "Faili liko ghalani. Lirudishwe?" Naye huchagua: rudisha, au acha. Makarani walikuwa wamelichoka swali hilo, na mkuu wa kitengo akamwambia Pilipili alitafutie maneno mepesi.

"Maneno mepesi ya nini?" Pilipili alifoka. "Watu wazima wanaulizwa kama watoto."

Akaandika amri mpya: kompyuta isimwulize mtu, ijijibu yenyewe, irudishe.

Fundi mwenzake, Kipara, alikuna kichwa. "Na ambalo halikupaswa kurudi?"

"Faili ni faili. Nenda kanywe chai."

Kipara akaenda kunywa chai. Kugombana na Pilipili ni kujitafutia presha bure.

Hata chai haijapoa, faili moja likarudi. Hakuna aliyeliita, mahali pa jina la mwombaji palikuwa patupu. Pilipili alisoma jina la mgonjwa. Alikuwa marehemu, mke wa kwanza wa mumewe.

Akalipeleka ghalani. Likarudi. Akalipeleka tena, akitukana kimoyomoyo. Likarudi, na safari hii lilikuwa limebadilika. Palipoandikwa amefariki, sasa paliandikwa amelazwa. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani.

Alishuka mbio hadi wodini. Kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu, shuka zimevurugika. Aliweka kiganja juu ya godoro. Lilikuwa na joto.

"Unamtafuta yule dada?" muuguzi aliuliza bila kuinua macho. "Katoka sasa hivi. Alikuwa anamuulizia mwanawe."

Pilipili alirudi kwenye kompyuta. Akafuta amri yake, akalirejesha swali. Likatokea papo hapo: Lirudishwe? Akabonyeza acha. Kioo kikatulia, kisha kikauliza tena. Acha. Kikauliza tena. Acha. Acha.

"Halinisikii," alimnong'oneza Kipara. "Mimi si mtu wake."

"Basi aulizwe mtu wake."

Haraka haina baraka, na hapo ndipo alipokosea. Aliandika swali liende kwa ndugu wa karibu, yule aliyetajwa kwenye faili lenyewe. Alikuwa na hakika ni mumewe, na mumewe, aliyeshuka kaburini kumlaza yule mwanamke, angekataa. Kioo kikanyamaza. Pilipili akashusha pumzi.

Kipara ndiye aliyekwenda kusoma sehemu ya ndugu wa karibu. Aligusa kioo kwa kidole tu. Marehemu hakumwandika mume. Alimwandika binti yake.

Pilipili alikimbia. Nyumba zetu za watumishi ziko nyuma ya hospitali, na tulimwona akipita peku, viatu kaviacha huko huko. Shule zilikuwa zimefungwa, mtoto alikuwa peke yake ndani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, kwa komeo la juu, ambalo mtoto halifikii. Aliita. Aligonga kwa ngumi. Jua lilikuwa kali, nguo zimeanikwa, nasi tumesimama tunamtazama.

Kisha ikatoka sauti ya mtoto ndani, yenye furaha tele. "Mama!"

Neno hilo Pilipili alikuwa amelisubiri kwa miaka. Machozi yalimtoka.

"Abee, mwanangu," akaitika.

Na ndani ya nyumba, wakati huo huo, mwanamke mwingine akaitika, "Abee."

Tuliuvunja mlango. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, ametulia kabisa. Tulitafuta chumba kwa chumba, chini ya vitanda, kabatini. Hakuna mtu. Madirisha yote yana nondo.

"Kakuuliza nini?" Pilipili alinong'ona.

"Kaniuliza kama arudi." Mtoto alimtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyepitiliza kukaa. "Nimemwambia ndiyo. Kasema wewe sasa unaweza kwenda."

Pilipili aliketi pale pale sakafuni.

Mezani palikuwa na utepe wa plastiki, ule wanaofungwa wagonjwa mkononi wakilazwa. Ulikuwa na jina la marehemu na tarehe ya siku ile. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi, vile wauguzi wanavyoukata mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani.